Ubao Mmoja na Mkwe

Ernestine alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Akisalimia watu sokoni Kasongo, wauza samaki wa upande wa pili waligeuza shingo kuangalia nani anagombana. Hakuwa anagombana hata kidogo. Alikuwa anauliza habari za nyumbani. Basi mtu wa namna hiyo akigombana kweli, fikiri mwenyewe. Na mwaka ule wa hamsini na saba aligombana kweli, tena na padri, tena kwa ajili ya kiti.

Alizaliwa Kisubila, kijiji cha njia ya Kabambare, katika familia ya wakulima wa mpunga. Mama yake alikuwa msusi wa mikeka, na binti akaushika mkono wa mama yake barabara. Walikwenda wote bondeni upande wa mto Luama kukata ukindu, wakauanika, wakauchana, wakasuka mashupatu marefu na kuyashona pamoja hata mkeka ukatosha chumba kizima. Mikeka mingi ilikwenda Kasongo, kwenye nyumba za Waislamu wa mjini, na huko ndiko Ernestine alikopata rafiki yake wa maisha, Amisa, binti wa nyumba moja karibu na msikiti. Mmoja alisali Ijumaa, mwingine Jumapili, na siku zilizobaki walisengenya pamoja.

Ernestine akabatizwa, akaolewa na Antoine, seremala wa misheni ya Kisubila, mtu mpole aliyezungumza na mbao zaidi ya watu. Mungu aliwaachia mtoto mmoja tu, Louise. Walimdekeza wote wawili, na kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kumdekeza.

Sasa kanisa la Kisubila. Lilikuwa na kuta za matofali na bati zuri, lakini ndani hapakuwa na kiti. Watu walivua viatu mlangoni wakakaa chini, wanaume kulia, wanawake kushoto, juu ya mikeka ya Ernestine. Kila Jumamosi alikuja na wanawake wenzake kuikung'uta na kuitandika upya, na ole wake mtu atakayekunja pembe ya mkeka kwa kisigino. Kwao hilo la kukaa chini halikuwa umaskini. Mtu wa pale hakai kwenye kiti mbele ya mtu anayemheshimu. Mkubwa yuko kitini, wewe uko mkekani, magoti yamefunikwa, macho yametulia. Kama ndivyo unavyokaa mbele ya chifu wa kijiji, mwenye nyumba ya majani na mbuzi wenye ukurutu, utakaaje mbele ya Mungu?

Viti vilikuwa viwili tu, vya kuegemea, vyenye mito myekundu, mbele kabisa karibu na altare. Walivikalia mzungu wa pamba, msimamizi wa kampuni iliyonunua pamba ya vijiji, na mke wake. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Aliyeuliza ni Padri Emile. Huyu alikuja kutoka Ubelgiji akiwa bado kijana, mrefu, mwembamba, mwenye kucheka, na mwenye pikipiki iliyowatimua kuku wa vijiji vyote mpaka Kabambare. Alitazama Misa ya Kisubila kwa majuma machache bila kusema. Kisha Jumapili moja mwanzoni mwa Kwaresima akawakusanya watu wote uani baada ya ibada, uso umemwiva kwa furaha ya mtu aliyeota ndoto nzuri.

"Ndugu zangu," alisema, "watu wawili wanakaa juu kwenye mito, na ninyi wote mnakaa chini miguuni pao. Mimi sikuvuka bahari kuja kuona hivyo. Kuanzia Pasaka viti vile vinatoka. Mikeka pia inatoka. Watu wote watakaa kwenye mabenchi, wote sawasawa, mweupe na mweusi, mwanamume na mwanamke, kwa sababu watoto wa Baba mmoja hukaa pamoja!"

Loo, uwanja ulilipuka! Vijana walipiga makofi, wazee wakapiga kelele, watoto wachanga wakalia kwa kuwa wengine walikuwa wanalia. Jean-Baptiste, katekista, mtu wa kola iliyopigwa pasi hata siku ya kulima, alirukia juu ya tofali ili aonekane.

"Padri anasema kweli!" akapaza sauti. "Mikeka ni mambo ya musikiti. Sisi ni Wakristu. Mukristu wa kweli anakaa ku benchi, kama Ulaya!"

Ernestine alishasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Weye Jean-Baptiste, siku Yesu anagawa mikate ku mulima, alisema watu wakae wapi? Ku benchi? Alisema wakae ku majani! Mukeka yangu iko majani. Sasa sema, nani iko Mukristu hapa, miye ao kola yako?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Padri Emile alicheka kuliko wote, akajifuta macho, kisha akajibu naye:

"Na karamu ya mwisho, Mama Louise? Pale walikaa mezani."

"Wale walikuwa mitume, Padri," alisema Ernestine. "Miye si mutume. Miye ni muke wa kusuka mikeka, na mbele ya Mungu ninakaa chini."

Kutoka siku hiyo Kisubila ikagawanyika. Kulikuwa na watu wa benchi na watu wa mkeka. Walibishana kisimani, shambani, na kwenye kinu, mchi ukisimama hewani mtu akitafuta neno. Je, kumtukuza Mungu ni kujishusha, au ni kukaa kwa heshima kama mtoto wa nyumba? Wazee wawili waliokuwa wanakunywa pombe pamoja tangu ujana waliacha kunywa pamoja. Nani angefikiri kiti kinaweza kuleta raha namna ile? Maana ilikuwa raha, tuseme kweli. Kijiji kilichangamka kama siku ya kugawa nyama.

Na kazi ya mabenchi ikapewa nani? Antoine.

Alirudi nyumbani jioni ile akitembea upesi, yeye ambaye siku zote alitembea kama anapima njia. Maisha yake yote misheni ilimtaka milango, meza za shule na majeneza. Sasa alikuwa anapewa kanisa zima.

"Mama Louise," alisema hata kabla ya kukaa, "Padri anataka benchi ya mbele iwe ndefu, itoke huku mpaka kule. Nimeona muvule moja pale ng'ambo ya Luama, imenyooka! Nitaitoa ku ubao mumoja. Hakuna kuunga. Ubao mumoja!"

"Baba Louise," akajibu Ernestine akipakua ugali kwa nguvu, "weye utakula leo. Lakini usiniambie mambo ya benchi ndani ya nyumba yangu."

Antoine akakaa mwezi mzima hamwambii. Yalimjaa kifuani mume wa watu, akawa anazungumza peke yake akienda kuoga.

Siku ubao ulipofika, Ernestine aliusikia kabla ya kuuona, kwa maana wanaume waliuleta mabegani wakiimba, mstari mrefu wa watu ukipinda pamoja na njia. Alikuwa ameapa hatakwenda. Alikwenda, alisema anapeleka chakula. Antoine alikuwa ameshaanza kupitisha randa, na maranda yalikuwa yanajikunja na kumwangukia miguuni, na ule ubao chini ya mkono wake uling'aa rangi ya asali bila fundo hata moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ernestine alisimama na bakuli lake. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka mingi na hakuwa amejua kwamba anaweza kutengeneza kitu kizuri hivyo. Aliona fahari, akaona hasira kwa sababu ya ile fahari, akaweka bakuli chini akaenda zake bila neno.

Mambo yangebaki hapo, ugomvi wa mke na mume tu na wa mkeka na benchi, kama asingetokea Grégoire.

Grégoire alikuwa kijana wa Kabambare, karani kwenye migodi ya dhahabu upande wa Salamabila. Alivaa suruali yenye mstari, alipanda baiskeli yenye kengele mbili, na alimpenda Louise mpaka alikuwa anasahau kula. Familia zilikubaliana, posa ikaenda, mbuzi wakaenda, na ndoa ikapangwa ifungwe juma moja baada ya Pasaka. Ernestine alimpenda sana mkwe wake. Hakuwa amewahi kumtazama usoni.

Ndivyo ilivyo kwao. Mama mkwe na mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali chungu kimoja, hawapishani kwenye njia nyembamba bila mmoja kuingia majani. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, kwa maana huyu amempa yule mtoto wake, na kitu hicho hakina malipo, basi wanapeana nafasi. Mara moja walikutana ghafla sokoni Kasongo. Ernestine alijitupa nyuma ya magunia ya mpunga, Amisa akamtandia kanga yake kama vile anafunika mzigo. Grégoire naye, masikini, alishuka kwenye baiskeli akakimbilia duka la kwanza aliloliona, na kwa kuwa mwenye duka alimuuliza anataka nini, akatoka na chanuo la wanawake. Amisa alicheka siku mbili. Lakini Ernestine alisema, "Umeona? Kijana ya kusoma, na bado anajua. Mutoto yangu iko mahali pazuri."

Kisha Padri Emile akatangaza furaha yake mpya. Harusi ya Louise na Grégoire itakuwa ya kwanza juu ya mabenchi mapya, na benchi la mbele, lile la ubao mmoja, litakaliwa na maharusi pamoja na wazazi wote wa pande mbili. Bega kwa bega. Familia moja.

Ernestine alisikia tangazo lile akiwa amesimama. Ubao mmoja na mkwe wake! Ubao usiounganishwa, usio na mpaka, kitu kimoja chini yake na chini ya Grégoire! Hata mkekani wangeweza kutandika miwili. Huu ulikuwa mmoja, na mume wake mwenyewe alikuwa amejisifu kijijini kote kwamba ni mmoja.

Alikwenda kwa padri siku ileile. Hakupiga kelele, na hilo peke yake lilimtia padri wasiwasi. Alimweleza yote, ukwe, mkeka, njia nyembamba. Akamwomba kitu kimoja: siku ya harusi akae chini, kwenye mkeka wake, pembeni, asimsumbue mtu.

Padri Emile alisikiliza vizuri. Hakuwa mtu wa dharau. Alivuta ndevu zake ambazo bado hazikuwa nyingi, akasema:

"Mama Louise, naelewa. Lakini unajua nani alikuja hapa jana? Mzungu wa pamba. Anataka viti vyake. Anasema mke wake hawezi kukaa sawa na watu wa kijiji. Nimemwambia, hapana, hakuna mtu wa pekee kanisani. Nikikuruhusu wewe mkeka wako kwa sababu ya desturi yako, nitamkataliaje yeye mito yake? Atasema na yeye ana desturi."

Jambo baya ni kwamba Ernestine aliona padri ana haki. Alikuwa na haki, na yeye pia alikuwa na haki, na kati ya haki hizo mbili alisimama mtoto wake na shela.

"Basi Padri," alisema mwishowe, "nitasikia ndoa ya mutoto yangu ku dirisha."

Louise alilia. Alimlilia mama yake, akamlilia baba yake, akaenda Kasongo kumlilia Amisa. Amisa alikuja kwa miguu, akakaa na Ernestine kwenye baraza, akajaribu kila njia. "Fumba macho, ukae tu! Misa inaisha!" Ernestine akatikisa kichwa. "Mungu akiniona nimekosea mukwe yangu heshima ndani ya nyumba yake, harusi ile itakuwa na baraka gani?" Na Antoine, ambaye hakupandisha sauti tangu azaliwe, alipandisha.

"Watu watasema nini? Muke ya seremala anakataa benchi ya seremala! Ile benchi ni mutoto yangu pia, Mama Louise!"

Akatoka, akaufunga mlango kwa kishindo, mlango aliotengeneza mwenyewe, na ukafungwa vizuri sana.

Pasaka ikafika. Mikeka ilikuwa imekunjwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na watu wakaingia kwenye mabenchi kwa mara ya kwanza. Vicheko vilikuwa vingi kuliko nyimbo. Wanawake wafupi waliachwa miguu ikining'inia, mzee mmoja alikaa akitazama mlango na kumpa Mungu kisogo, na ulipofika wakati wa kupiga magoti watu wa nyuma waliwagonga wa mbele migongoni kwa vichwa. Lakini macho ya wengi yalikuwa yanang'aa. Mzungu wa pamba alitazama, akageuka na mke wake, wakaenda kusali Kasongo. Ernestine alisimama nyuma Misa nzima, pamoja na wenye watoto wachanga. Mtu alimwonyesha nafasi. Alikataa kwa kidole.

Asubuhi ya harusi, kamyo kutoka Kabambare ilisikika ikiunguruma tangu mbali, watu wamejaa juu yake kama mavuno, wanaimba, wanapiga ngoma kwenye bodi ya gari, vitenge vyekundu vinapeperuka! Wanawake wa Kisubila wakatoka mbio na vigelegele. Wakwe wakashushwa kwa nyimbo, kila mmoja akafutwa vumbi la njia. Ernestine alivaa kitenge chake kipya na kitambaa cheupe kichwani, akamvika Louise shela, akambusu, akamwambia, "Nenda. Nitakuwa karibu." Halafu akazunguka kanisa akaenda kusimama kwenye dirisha la upande wa kushoto. Amisa alikuja akasimama naye, akamshika mkono. Alipenda harusi, Amisa, ya dini yoyote.

Kutoka dirishani Ernestine aliona yote. Aliona benchi lile refu limelala mbele ya altare, linang'aa, zuri mpaka linaumiza. Aliona mumewe amekaa juu yake, mgongo umenyooka, na nafasi tupu pembeni yake. Louise akafika, akakaa. Wazazi wa Grégoire wakafika, wakakaa upande wao.

Grégoire hakukaa.

Alisimama na suti yake nyeusi, jasho linamtoka, anatazama ile nafasi tupu, kisha ubao, kisha sakafu. Padri Emile alimwashiria kwa mkono. Kijana hakusogea. Katekista Jean-Baptiste akamwendea, akamnong'oneza kwa ukali, akamshika kiwiko.

"Siwezi," Grégoire alisema, na kanisa lote likasikia. "Ubao ile ni ya mama mukwe. Yeye iko dirishani kwa sababu yangu. Kama yeye hakuingia, miye nitakaa namna gani mahali pake?"

Ernestine aliuma kitambaa chake ili asilie. Kijana wa watu, kumbe alijua kila kitu! Na harusi ilikuwa imekwama pale, mbele ya macho ya Kabambare nzima, kwa sababu yake. Angalia alichofanya. Je, aingie? Akiingia anavunja heshima. Asipoingia anavunja harusi.

Ndipo Antoine aliposimama. Akatoka kwenye benchi, akapiga goti mbele ya altare, akaja moja kwa moja mlangoni. Ernestine alijiandaa, anakuja kunivuta, alifikiri, na leo ana haki. Lakini Antoine alimpita bila kumtazama, akakatiza ua mpaka karakana yake. Akarudi. Mkononi ana msumeno.

"Ya Rabi," alisema Amisa.

Akaingia nao kanisani. Watu wakajikunyata. Alipiga goti tena, akafanya ishara ya msalaba, akaenda katikati ya lile benchi, akapima kwa vidole kati ya mguu wa pili na wa tatu, akawaambia kwa adabu wote waliokaa, "Simameni kidogo, wakwe." Wakasimama.

"Musumeno mbele ya Sakramenti!" Jean-Baptiste alipiga ukelele. "Padri! Muzuie!"

Padri Emile alikuwa ameganda na kitabu chake. "Antoine, unafanya nini?"

"Padri, ulisema watu wote wakae ku ubao mumoja, hakuna wa juu, hakuna wa chini," alisema Antoine. Sauti yake ilitetemeka, ila mkono haukutetemeka. "Utabaki ubao uleule. Muti uleule, urefu wa miguu uleule. Nafungua tu njia kidogo katikati, kwa sababu ya heshima. Muzungu wa pamba akija kuuliza, umwambie achague nusu anayotaka, zote ni sawa."

Akaweka meno ya msumeno juu ya ubao, mahali palipong'aa kuliko pengine pote. Akavuta.

Sauti ile, jamani! Ernestine aliisikia ikipita kwenye mbavu zake. Ule ubao ulioimbiwa njia nzima, ule usio na fundo, kitu pekee ambacho mume wake aliwahi kujisifia duniani! Na kabla hajajua anafanya nini, mdomo wake ulikuwa umefunguka pale dirishani na sauti yake ya mtu mrefu imejaa kanisa lote:

"Antoine! Acha! Antoine!"

Watu waliguna. Mwanamke wa kwao hamwiti mumewe kwa jina, hata nyumbani, hata akiwa peke yake anamwombea. Na huyu alikuwa Ernestine, mama wa heshima, mbele ya wakwe na mbele ya padri. Hakuona aibu. Hakuwa na nafasi ya aibu. Alikuwa ameshaacha dirisha, amezunguka kona mbio, kitambaa kimeanguka, viatu vimebaki kizingitini, ameingia. Grégoire alipomwona anakuja aligeuka upesi akatazama ukuta, kama kijana mwema, na Ernestine akampita hapo bila hata kukumbuka kujificha. Alimshika mume wake mkono wenye msumeno.

"Usiikate. Nitakaa. Nitafumba macho, nitakaa. Usiikate, ni nzuri. Ni nzuri sana!"

Antoine alimtazama. Majuma yote yale alikuwa amelisubiri neno hilo, akila ugali kimya.

"Najua ni nzuri," alisema polepole. "Ndiyo maana ninataka muke yangu akae hapa, macho wazi, amuone mutoto yake. Sasa weye Mama Louise, shika ubao upande ule. Bila mutu wa kushika, utapasuka."

Ernestine akapiga magoti kwenye sakafu, mbele ya altare, akakumbatia ubao kwa mikono miwili, akaubana kifuani na kitenge chake kipya. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Antoine akavuta msumeno, akasukuma, akavuta. Vumbi la mbao lilimwangukia magotini. Padri Emile alitazama wawili wale, akamtazama katekista wake aliyekuwa bado amenyoosha kidole, akaketi taratibu kwenye ngazi ya altare kungoja. Nje, wasioona waliuliza wanaoona, "Wanafanya nini?" na mtu akajibu, "Wanakata!" na vigelegele vikaanza huko uani, vikaingia mlangoni, vikapanda mpaka kwenye bati.

Ubao ukaachana. Nusu mbili zikasimama kila moja kwa miguu yake, vijana wakazisogeza, pakawa na njia katikati ya kutosha mtu kupita. Upande mmoja wakakaa wazee wa Grégoire, na Grégoire pamoja nao, akishusha pumzi ambayo Amisa aliisikia dirishani. Upande wa pili akakaa Louise, anacheka na kulia, na kando yake baba yake. Ernestine alijifuta uso, akafunga kitenge vizuri. Akakaa. Mbao zilikuwa laini chini ya mkono wake, isipokuwa pale pembeni penye jeraha jipya. Tangu abatizwe alikuwa amesali upande wa wanawake na mume wake upande wa wanaume. Hakuwahi kusikia pumzi yake kanisani. Sasa bega la mumewe lilikuwa linagusa la kwake. Alikuwa na furaha mpaka alitaka kusimama na kupiga kelele, lakini Padri Emile alikuwa ameshaanza, na Louise alikuwa anaitwa mbele.

Mtoto akapita katikati ya nusu mbili, mkono wa Grégoire ukampokea, na Ernestine aliona yote, macho wazi. Alisikia "ndiyo" ya kijana, akasikia "ndiyo" ya Louise, ndogo na imara. Antoine akaegemea karibu na sikio lake.

"Umeniita jina yangu," alinong'ona. "Mbele ya watu wote."

Ernestine akainamisha kichwa. "Nitatubu, Baba Louise. Jumamosi nitaenda kwa Padri, nitatubu."

"Usitubu," alisema Antoine. "Tukifika nyumbani, uite tena."